Mwaka wa Kwanza wa Mkata Mkonge

Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, mwaka wa kwanza wa kazi haukuhesabiwa kwa kalenda. Ulihesabiwa kwa vipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30, na siku ilitiwa alama pale tu mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa. Aliyeishia nusu alirudi kesho yake kuimalizia, na siku zake mbili zikawa moja kwenye kadi. Mkataba wa vipande 12 ulikuwa wa siku 360 za kazi. Aliyeweza kutimiza siku 20 tu kila mwezi aliumaliza baada ya miezi 18. Hesabu hiyo ndogo inaeleza mengi kuhusu maisha ya mfanyakazi mpya. Shamba lililipia majani yaliyokatwa. Siku za kujifunza, pamoja na majeraha na homa zake, zilibaki kwa anayejifunza.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni nchini. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa Mto Pangani, na kutoka hapo zao likapanda bara kuufuata mto na reli. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Kabla ya hapo Korogwe ilijulikana kama makazi ya mtoni. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta ikiwa kijiji cha kisiwani, kimezungukwa na maji ya Mto Pangani, ambao wenyeji wanauita Ruvu. Mji mpya ulikua kuzunguka stesheni, na makazi ya kale yakabaki na jina la Old Korogwe, ambayo leo ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Upande wa kusini njia inashika Handeni na Uzigua. Upande wa kaskazini milima ya Usambara inainuka ghafla.

Mahali hapo palikuwa na vitu vitatu ambavyo bila hivyo kilimo cha mkonge hakiwezi kwenda: ardhi tambarare, reli na maji mengi. Jani la mkonge likishakatwa linatakiwa lisindikwe upesi, kwa kawaida katika siku moja au mbili, la sivyo singa hukauka ndani ya nyama ya jani na kuharibika rangi. Mashine ya kukwangua majani, ambayo wafanyakazi waliiita korona, hunywa maji kwa wingi wakati wote inapozunguka. Tena katika kila kilo 100 za majani mabichi, singa zinazopatikana ni kilo tatu hadi tano tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Kwa hiyo kwa kila tani moja ya singa iliyopakiwa kwenye behewa kwenda bandari ya Tanga, kulikuwa na makumi ya tani za majani yaliyokatwa kwa mkono, yakafungwa kwa mkono, yakabebwa begani hadi kwenye reli ndogo ya shambani. Kazi zote za shamba la mkonge zilitegemea mtu huyo wa kwanza, mkataji. Akikosekana, korona ilisimama.

Na mara nyingi alikosekana. Wenyeji wa wilaya hizi, yaani Wazigua, Washambaa na Wabondei, walikuwa na mashamba yao. Walioshuka kutoka milimani au kuvuka mto walichukua kipande kimoja au viwili ili kupata fedha ya kodi, nguo au mahari, kisha wakarudi kulima msimu wa mvua ulipowadia. Walipokuwa na nafasi ya kuchagua walichagua palizi, au kazi za kiwandani na uwanja wa kuanikia, ambako mtu hakuchomwa na miiba kutwa nzima. Miaka ya njaa ilibadilisha mambo. Uzigua ulipigwa na njaa kali katika miaka ya 1890 na tena katika miaka ya 1920 na 1930, na nyakati hizo watu wa Handeni walivuka mto kwa wingi kutafuta posho. Ilikuwa kazi ya dharura, na mwenye shamba aliyehitaji mkataji wa miezi kumi na miwili mfululizo hakuweza kuitegemea.

Serikali ya Wajerumani ilijaribu kuwalazimisha wenyeji. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu. Kadi hiyo ilileta watu, lakini haikuleta wakataji, kwa sababu ustadi haupatikani kwa mtu anayekuja siku 30 kisha akaondoka. Ndipo macho yakageukia mbali. Wanyamwezi waliletwa kwa mikataba mirefu tangu enzi hiyo, na baada ya Waingereza kuchukua nchi wakafuatia Waha kutoka Kigoma, Wangoni, Wabena, Wamakonde, na watu wa Ruanda na Urundi. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuvunja mkataba kuwa kosa la jinai: mfanyakazi aliyeondoka kabla ya muda aliweza kushtakiwa na kufungwa. Mwaka 1926 iliundwa Idara ya Kazi chini ya Meja Granville Orde Browne, ambaye alitembelea makambi na kuandika kwa kirefu juu ya chakula, makazi na vifo vya wafanyakazi wapya. Idara yenyewe ilivunjwa mwaka 1931 wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, bei ya mkonge ilipoanguka.

Vita Kuu ya Pili ilirudisha njaa ya wakataji. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza vyanzo vyao vikubwa vya kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Watu walikamatwa kwa amri na kupelekwa mashambani. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda ofisi yake ya kuajiri, iliyojulikana nchi nzima kwa jina la Silabu, na wale iliowaandikisha waliitwa manamba kwa sababu ya namba waliyopewa kila mmoja.

Safari ilikuwa sehemu ya kazi. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini haikuungana na reli ya Tanga hadi mwaka 1963, njia ya kutoka stesheni ya Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa. Kabla ya hapo mtu wa Kasulu au Kibondo alishuka gari moshi Morogoro, kisha akaelekea kaskazini kwa barabara, kupita Turiani na Handeni hadi kuvuka mto Korogwe. Zamani watu walitembea kwa miguu sehemu hiyo. Wakati wa Silabu walipakiwa kwenye malori. Korogwe palikuwa na kambi ya mapokezi ambako walikaguliwa na kugawanywa kwa mashamba. Hapo mtu alijua kama anakwenda Magunga, Ngombezi, Mwelya, Kwamdulu, Hale, Magoma au Mazinde. Ndugu waliotoka pamoja waliweza kutenganishwa hapo. Kwa wengi huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi, kabla hata ya kushika kisu.

Wiki za kwanza mashambani zilikuwa za mwili. Korogwe iko mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari, bondeni, na joto lake ni zito hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Mtu aliyetoka nyanda za juu za Uha, Ubena au Urundi aliingia katika hewa ambayo mwili wake haukuizoea. Sayansi ya kazi inaonyesha kwamba mwili wa mtu mzima huhitaji wiki moja hadi mbili za kazi ya kuongezwa polepole ili kuzoea joto: mapigo ya moyo hushuka, jasho huanza mapema na kupungua chumvi. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako Wanyakyusa na Wangoni wengi walikwenda kupitia Wenela, shirika la kuandikisha wafanyakazi wa migodi, ilikuja kujenga vyumba maalumu vya kuwazoesha wafanyakazi wapya kabla ya kuwashusha chini, kwa kuwa joto la shimoni liliua watu na vifo vilihesabiwa. Katika mkonge hapakuwa na chumba cha namna hiyo. Mashamba yenye busara yaliwaanzisha wapya kwa palizi au kusafisha mistari, na zaidi ya hapo ilikuwa bahati ya mtu na hali ya nyapara.

Kisha ukataji. Kazi hii inahitaji kuelezwa kwa undani, maana aliyeitazama kwa mbali huidhani ni ya nguvu peke yake. Mkonge ukishapandwa hukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha hukatwa kila mwaka kwa miaka mingi hadi unapotoa mlingoti na kufa. Majani yamesimama kuzunguka shina kama mikuki, kila moja na mwiba mgumu mweusi kwenye ncha. Mkataji huanza kwa kuondoa miiba ili aweze kuingia. Halafu huinama, hushika jani la chini, hulikata karibu kabisa na shina bila kulijeruhi shina lenyewe, huzunguka, hukata linalofuata, na kuendelea hadi safu za chini ziishe. Majani ya juu hayaguswi. Mkonge uliokatwa kupita kiasi hudhoofika na kutoa majani mafupi mwaka unaofuata, na nyapara aliyeona shina limenyolewa aliweza kukataa kazi yote ya siku.

Majani yaliyokatwa yalifungwa matita ya majani 30 kila moja. Idadi hiyo ilikuwa kipimo cha shamba zima: kazi ya siku ilikuwa idadi fulani ya matita, na malipo, kadi, hata sifa ya mtu vilitokana na matita. Yakishafungwa yalibebwa kutoka ndani ya mistari hadi kando ya reli ndogo, yakapangwa kwa mafungu yanayohesabika, na karani akapita kuandika. Tita la majani mabichi makubwa ni mzigo kamili wa mtu mzima, na aliyepangiwa mistari iliyo mbali na reli alibeba mbali zaidi kwa malipo yaleyale. Wakataji wazoefu walilijua hilo na waliwahi alfajiri. Mgeni hakujua, akapewa kilichobaki.

Maji ya mkonge huwasha. Yakiingia kwenye ngozi laini ya mkono, tumbo au shingo huleta vipele na mwasho ambao kwa mgeni uliweza kuchukua wiki nyingi kupoa. Mwiba ukichoma mkono hukatika ndani. Ukichoma jicho, jicho linaweza kupotea, na hilo lilikuwa jeraha lililojulikana katika kila shamba. Wakati huo wakataji wengi walifanya kazi bila viatu wala glavu, wakiwa wamejifunga magunia kiunoni na miguuni. Nyoka walipenda kivuli cha mashina. Mtu aliyekata matita machache siku ya kwanza na kurudi kambini amevimba mikono alianza siku ya pili akiwa na deni la siku ya kwanza kwenye kadi, na deni hilo lilikua kwa kasi kuliko ustadi wake. Hapa ndipo mpango wa kipande ulipokuwa katili: ulimdai zaidi mtu wakati uleule alipokuwa na kidogo zaidi cha kutoa.

Ugonjwa ulifuata. Bonde la Pangani lilikuwa na malaria mwaka mzima, nayo haikuwapiga watu sawasawa. Mzigua aliyekulia Handeni alikuwa ameumwa utotoni na mwili wake ulijua kupambana. Mtu wa milima ya Urundi alikutana na homa hiyo akiwa mtu mzima. Malaria ilikuwa mojawapo ya sababu za wapya kujaa hospitali za mashamba. Sababu nyingine ilikuwa chakula. Posho ilikuwa unga wa mahindi, maharage, chumvi, na pengine karanga au nyama kidogo kwa wiki. Aliyezoea ndizi, viazi au muhogo aliharisha. Aliyefika bila mke alirudi akiwa amechoka, akatafuta kuni na maji, akapika ugali usioiva vizuri, akala mara moja kwa siku. Orde Browne alisisitiza jambo hili katika miaka ya 1920: kwamba kifo cha mfanyakazi mpya mara nyingi kilianzia safarini na jikoni kabla ya kufika shambani, na kwamba mwajiri aliyewapa watu wake chakula kilichopikwa na muda wa kuzoea hali ya mahali alipunguza vifo. Ushauri huo ulifuatwa na wengine, ukapuuzwa na wengine, kwa sababu hapakuwa na aliyelazimika kuufuata kwa dhati. Siku ya ugonjwa, kwa vyovyote, haikutiwa alama kwenye kadi.

Fedha nazo zilikuja kwa kuchelewa. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa, si mwezi ulipoisha. Kwa mtu wa mkataba, sehemu ya mshahara iliwekwa akiba hadi mwisho wa muda, arudi nayo kwao. Mpango huo ulikuwa na faida ya kweli, kwani wengi wasingefika nyumbani na chochote bila huo. Lakini pia ulimfunga mtu, maana aliyeondoka kabla ya muda aliiacha akiba yake. Katikati ya malipo palikuwa na duka. Wenye maduka karibu na makambi waliuza kwa mkopo, na mgeni aliyehitaji blanketi, sufuria na shuka katika mwezi wake wa kwanza alikuta kipande chake cha kwanza kimeliwa kabla hakijajaa.

Haishangazi kwamba watu walitoroka. Wengi waliotoroka walifanya hivyo mapema, katika wiki na miezi ya kwanza, kabla hawajajua kazi na kabla akiba haijawa kubwa kiasi cha kuumiza kuiacha. Wengine hawakurudi kwao. Walivuka kwenda shamba jingine kilomita chache tu, wakajiandikisha kwa jina jipya kama vibarua huru, ambao walichukua kipande bila mkataba mrefu na kuondoka walipotaka. Waliokuwa na ndugu au mtu wa kwao aliyetangulia walijua shamba lipi lina mistari karibu na reli, nyapara yupi ana hasira, na wapi posho hupimwa vizuri. Serikali iliita kutoroka huko kuvunja sheria. Kwa mfanyakazi ilikuwa ndiyo njia pekee ya kukataa masharti, na waajiri waliielewa hivyo pia, kwa sababu mashamba yaliyotorokwa sana yalilazimika kurekebisha posho na nyumba. Kati ya mambo yote yaliyoboresha hali ya makambi kabla ya vyama vya wafanyakazi, hofu ya kutorokwa ilifanya kazi kubwa kuliko ukaguzi wa serikali.

Aliyevuka miezi minne au mitano alikuwa mtu mwingine. Viganja vilikuwa vimeota sugu, ngozi haikuwasha kama mwanzo, na zaidi ya yote mikono ilikuwa imejifunza utaratibu. Mkataji mzoefu hunoa kisu mara nyingi kuliko mgeni, kwa sababu kisu butu huhitaji mapigo mawili. Huondoa miiba ya mistari kadhaa kwa pamoja kabla ya kukata jani hata moja. Huhesabu majani bila kuyahesabu, mkono wenyewe ukijua 30 imetimia. Huacha matita mahali ambapo njia ya kuyabeba itakuwa fupi, na hupumzika kabla ya kuchoka. Mtu wa namna hiyo aliingia shambani gizani na kumaliza kabla ya jua la saa sita. Alasiri yake ilikuwa mali yake: aliweza kulima bustani kando ya kambi, kushona viatu, kufuma, kupika pombe ya kuuza, au kukata tena kwa malipo ya ziada. Katika kambi hiyohiyo, kwa kipimo kilekile, mgeni alikuwa bado yuko kwenye mistari saa kumi.

Jioni za kambi zilifundisha mengine. Watu wa makabila mengi waliishi mistari ya nyumba iliyopakana, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Mtu aliyeondoka Kibondo akijua maneno machache alirudi akiweza kubishana na karani juu ya alama ya kadi. Ubishi huo ulihitaji pia kusoma tarakimu, na wengi waliojifunza kusoma namba walijifunzia kwenye kipande. Jumapili kila kundi lilicheza ngoma yake. Uislamu na Ukristo vilipata waumini wapya kambini, na misaada ya mazishi ikachangwa na watu wa kijiji kimoja au wilaya moja ili asizikwe mtu kama asiye na wenyewe. Vikundi hivyo vya kuzikana ndivyo vilivyompokea mgeni, vikampa sufuria ya kuazima, vikamkatia matita mawili matatu alipokuwa na homa ili siku yake isipotee. Msaada huo haukuandikwa popote katika hesabu za shamba, ingawa shamba lilinufaika nao kila siku.

Kadi ya mwisho ilipojaa, mfanyakazi alikaa na hesabu yake. Alikuwa na akiba, nguo, pengine baiskeli. Pia alikuwa na ustadi ambao kwao haukuwa na kazi yoyote, kwa sababu Uha na Unyamwezi hapakuwa na mkonge wa kukata. Thamani yake mpya ilikuwepo Tanga peke yake, na mwenye shamba aliijua kuliko yeye. Mkataji wa mwaka wa pili alitoa kazi kamili tangu siku ya kwanza, bila gharama ya kuandikishwa, kusafirishwa na kuuguzwa upya. Ndiyo maana Silabu, katika miaka ya 1950, iliwahimiza watu waje na wake zao na wakae muda mrefu zaidi: mwenye familia hakutoroka upesi, alikula vizuri zaidi, na wengi wao hawakurudi tena. Waha, Wanyamwezi, Wabena na Wamakonde wanaoishi hadi leo katika vijiji vinavyopakana na mashamba ya Korogwe na Muheza ni wajukuu wa wale waliomaliza mwaka wa kwanza na kuamua kubaki.

Nguvu ya wazoefu ilionekana wazi vyama vilipoanza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na katika kipindi hicho migomo ilienea katika mashamba mengi ya Tanga. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho Victor Mkello alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, kilipata nafasi ya kujadiliana na waajiri juu ya mishahara na ukubwa wa kazi ya siku. Mgomo wa namna hiyo usingewezekana katika kambi ya wageni watupu. Ulihitaji watu waliofahamiana miaka, waliojua bei ya jani na hasara ya korona kusimama. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka tena: mwanzoni mwa mwaka 1963 Mkello alihamishwa kwa amri ya serikali na kupelekwa Sumbawanga, na mwaka huohuo sheria ya kima cha chini cha mshahara ikaanza kutumika.

Mshahara ulipanda kweli. Waajiri nao wakaongeza kazi ya siku na kupunguza watu, na katika miaka michache idadi ya wafanyakazi wa mkonge ikashuka karibu nusu. Aliyebaki alilipwa vizuri kuliko zamani na alikuwa mtu aliyekwisha kujua kazi. Mgeni hakuhitajika tena. Silabu ilifungwa, malori ya Handeni yakakoma, na mkataba wa manamba ukaisha katika miaka hiyo ya 1960. Uzalishaji ulikuwa umefika kilele chake mwaka 1964, takriban tani 230,000, Tanzania ikiongoza duniani. Mwaka 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Kamba za plastiki zilikuwa zimeanza kula soko, bei ikaanguka, na ilipofika miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kilele. Wakataji walizeeka bila warithi.

Leo mashamba ya Magunga, Mwelya, Ngombezi, Magoma na Hale yana wakulima wadogo waliopewa maeneo ndani ya mashamba ya zamani, na wamejiunga katika vyama vya ushirika vya msingi. Mkulima mdogo wa Korogwe analima mkonge wake, lakini mara nyingi hakati mwenyewe. Anamlipa mkataji kwa kipimo cha majani. Malalamiko yake makubwa ni yaleyale ya mwenye shamba wa 1926: wakataji ni haba, na vijana wanaojaribu huacha mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka na malipo ya siku za ugonjwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi katika mwaka 2015, unalenga majeraha kama yale ya macho na mikono. Hata hivyo, mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ya sheria hiyo ya 2004 dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na kibarua anayelipwa kwa kipimo na wakulima tofauti kila wiki si rahisi kuhesabiwa kuwa na mwajiri hata mmoja. Vyama vya ushirika vikitaka kuwapata na kuwatunza wakataji, hatua za kuchukua zinajulikana, baadhi yake tangu ripoti za Idara ya Kazi ya kwanza: glavu na viatu kabla ya siku ya kwanza, kipimo kidogo katika wiki mbili za mwanzo kwa malipo ya siku kamili, chakula kilichopikwa shambani, na mzoefu mmoja anayelipwa kwa muda anaotumia kumwelekeza mgeni.